Uzuri wa Jiwe na Deni la Mtazamaji

Mtu anayepelekwa na kiongozi kuyatazama magofu ya Athens hutembea juu ya vitu viwili kwa wakati mmoja: ardhi na sifa. Ardhi huiona, sifa huisikia. Kabla ya kufika amekwisha kuambiwa na vitabu vya shule kuwa hapa ndipo raia walipojifunza kujitawala, na hapa ndipo jiwe lilipochongwa hata likakaribia kusema. Mambo hayo mawili yana kweli ndani yake. Lakini sifa ina tabia ya moshi wa ubani: hunukia vizuri, na huku huzuia macho yasione mbali. Swali la insha hii ni jepesi kuuliza na zito kujibu. Mtu atazamapo kitu kizuri kilichojengwa kwa mali iliyotwaliwa na kwa mikono isiyo huru, je, anadaiwa neno lolote? Na kama anadaiwa, mdai ni nani?

Aghalabu matembezi huanzia Agora, uwanda uliokuwa soko, mahakama na baraza la mji. Upande wa magharibi, juu ya kilima kidogo, limesimama hekalu la Hephaistos, mungu wa wahunzi. Limehifadhika kuliko mahekalu mengi ya Wagiriki, kwa kuwa baadaye lilifanywa kanisa na halikuachwa ukiwa. Upande wa mashariki ipo Stoa ya Attalos, jengo refu la nguzo lililosimamishwa upya baina ya 1952 na 1956. Ndani yake vimewekwa vitu ambavyo mgeni mwenye haraka huvipita: vigae vilivyokwaruzwa majina ya watu ambao raia walitaka wahamishwe mjini kwa miaka 10, saa ya maji iliyompimia msemaji muda wake mahakamani, na kipande cha jiwe chenye safu za matundu, ambamo vibao vya raia vilitiwa ili bahati, wala si fedha, iwachague waamuzi. Ni vitu vidogo kwa umbo na vikubwa kwa maana. Vyashuhudia kwamba watu fulani waliiogopa nguvu ya mtu mmoja, wakaitafutia dawa ya udongo, ya maji na ya jiwe.

Hayo kiongozi mwema huyaeleza vizuri. Lililo gumu ni kueleza nani hakuwa na kigae. Wanawake hawakupiga kura. Wageni wakaazi, ambao wengine walizaliwa na kuzikwa mjini humo, hawakupiga kura. Mtumwa hakuwa tu nje ya kura. Kwa desturi ya mahakama zile zile zenye saa ya maji, ushahidi wake ulipokewa kwa sharti la mateso. Hata uwazi wa uwanda wenyewe una gharama. Uchimbaji mkubwa ulipoanza mwaka 1931, mtaa wa watu uliokuwa juu ya magofu ulibomolewa na wenyeji wake wakahama, ili mgeni wa leo apate nafasi ya kuona mbali.

Kutoka hapo njia ya maandamano ya kale hupanda hadi Acropolis. Mgeni hupita lango la Propylaia, kisha Parthenon humtokea mbele. Hekalu hilo lilianzwa mwaka 447 kabla ya Kristo na kukamilika mwaka 432, siku za Pericles. Waashi wakuu walikuwa Iktinos na Kallikrates, na Phidias aliangalia kazi ya sanamu. Nguzo zake za nje ni 46, na marumaru yake ilitoka mlima Pentelikon. Sakafu ionekanayo kuwa imenyooka imeinuka kidogo katikati. Nguzo zionekanazo wima zimeinama kidogo kuelekea ndani. Waliofanya hivyo walijua kuwa jicho la binadamu lina udhaifu wake, wakalihurumia. Huwezi kusimama mbele ya kazi hiyo ukaidharau, isipokuwa umekusudia kujidanganya.

Lakini fedha ilitoka wapi? Miji mingi ya Ugiriki ilikuwa imeungana na Athens kujikinga na Waajemi, ikilipa mchango katika hazina iliyowekwa katika kisiwa cha Delos. Mwaka 454 hazina hiyo ilihamishiwa Athens, na toka hapo sehemu moja ya sitini ya mchango ilitengwa kuwa fungu la mungu wa kike Athena na kuchorwa juu ya mawe, ambayo vipande vyake vipo hata leo. Plutarch, aliyeandika karne nyingi baadaye, asimulia kuwa ndani ya Athens yenyewe walikuwako waliolalamika kwamba mji unajipamba kwa mali ya wenzake. Pericles alijibu kuwa maadamu Athens yawalinda washirika, haiwiwi nao hesabu. Jibu hilo lafaa kukumbukwa na kila msomi, maana kila dola iliyopata kuwalinda watu bila ya kuombwa imelirudia kwa lugha yake.

Hapa wasafiri hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: waliodhulumu wamekufa, waliodhulumiwa wamekufa, uzuri umebaki, tuutazame na tuache kuusumbua kwa maswali. Kundi la pili husema: nyumba ya dhuluma haina uzuri, na anayeisifu huitia nguvu dhuluma. Makundi haya mawili hupingana kwa maneno, lakini yanafanana kwa kosa. Yote mawili hudhani kwamba kazi ni mali ya aliyeiamuru. La kwanza humsamehe mwenye amri kwa ajili ya kazi. La pili huihukumu kazi kwa ajili ya mwenye amri. Katikati yao, aliyeshika patasi hatajwi.

Na aliyeshika patasi ana jina. Hatua chache kaskazini ya Parthenon lipo hekalu la Erechtheion. Hesabu za ujenzi wake wa mwisho, kati ya 409 na 406 kabla ya Kristo, zilichorwa juu ya mawe, na vipande vyake vimesalia. Kati ya wafanyakazi 86 ambao hali zao zimetambuliwa, raia walikuwa 24, wageni wakaazi 42, na watumwa 20. Ujira wa kawaida ulikuwa drakma moja kwa siku, kwa raia na kwa mtumwa sawasawa, ingawa ujira wa mtumwa uliweza kuishia mkononi mwa bwana wake. Katika orodha ya waliochonga mifereji ya nguzo za mashariki yumo Simias, mgeni mkaazi, na pamoja naye Sannion, Epieikes na Sosandros, watumwa wake. Jiwe halikuona tofauti baina ya mikono yao na mikono ya raia. Sheria iliiona.

Basi sifa ya uzuri ni haki ya mikono, na lawama ni haki ya amri. Atakayetenganisha mambo hayo ataweza kustaajabu bila ya kusema uongo. Lakini huenda mtu akauliza: sifa yafaa nini kwa mfu? Sannion hatalipwa kwa kutajwa jina. Swali hilo ni la kweli, na ni lazima likubaliwe: deni la wafu halilipiki. Linalowezekana ni dogo zaidi, nalo ni kutowadhulumu mara ya pili kwa kuwasahau, na kuyafundisha macho ya walio hai kuuliza bei ya kila kitu kizuri wanachokiona, hata kile kinachojengwa leo kwa jina lao.

Matembezi huisha vizuri yakiishia Pnyx, kilima kilichoko magharibi ya Acropolis, ambako raia walikusanyika kuamua mambo. Jukwaa la wasemaji lililochongwa mwambani laonekana hata sasa, ingawa hilo ni la karne ya 4. Mwaka 427 mkutano wa raia wa Athens uliamua kuwa wanaume wote wa mji ulioasi wa Mytilene wauawe, na wanawake na watoto wao wauzwe. Merikebu ikatumwa na amri hiyo. Siku ya pili raia walijuta, wakakutana tena, na kwa kura chache wakaibatilisha. Merikebu ya pili ikapigwa makasia usiku na mchana, ikafika kabla amri haijatimizwa. Hata hivyo, kwa hesabu ya Thucydides, zaidi ya watu 1,000 waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi waliuawa. Miaka 11 baadaye raia wa mji ule ule waliamua hivyo hivyo juu ya kisiwa cha Melos, na safari hii haikutumwa merikebu ya pili.

Kiongozi akiyaeleza hayo mahali hapo, wageni hunyamaza, na wengine huona kuwa ameiharibu siku yao. Hakuiharibu. Kutoka Pnyx Parthenon yaonekana yote, na jua la jioni huigeuza rangi ya asali. Uzuri wake haukupungua hata chembe kwa kuambiwa kweli. Uliopungua ni usingizi wa mtazamaji. Watu waliojenga jengo lile ndio waliotuma merikebu ya kwanza, na ndio pia waliotuma ya pili. Anayeyajua yote mawili anaweza kurudi kwao akiwa na swali la kuwauliza wenzake katika baraza lao wenyewe: kama amri tuliyoitoa jana ni mbaya, je, tunayo merikebu ya pili, na nani miongoni mwetu yu tayari kushika kasia?