Kabla Hujakata Waya

Mwanangu, juzi ulisema gari lenye alamu ya zamani likigoma kuwaka, dawa yake ni kung'oa alamu yote na kuitupa. Nimefanya umeme wa magari hapa Sumbawanga tangu barabara ya Tunduma ikiwa vumbi tupu, nami nakuomba uiache kauli hiyo kabla haijawa tabia.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, kwenye baridi yetu ile ya kufanya vidole vife ganzi, nililetewa Noah inayovutwa kwa kamba kutoka upande wa Matai. Mwenyewe, mzee mkulima, alikwishauziwa stata mbili na mafundi waliotangulia, kwa fedha ya mahindi aliyoweka kwa ajili ya ada ya wajukuu. Nikalala chali chini ya usukani, nikabandua tepu nyeusi iliyoyeyuka ikawa kama gundi. Ndani yake waya wa stata ulikuwa umekatwa kupisha alamu, ncha zikasokotwa kwa vidole tu, na shaba imeota kutu ya kijani. Nilikwangua, nikalehemu kwa risasi, gari likawaka mara moja. Mzee hakufurahi. Alizishika zile stata, kila moja mkono wake, akaniuliza sasa azipeleke wapi.

Jina la mji wetu watu hulifasiri kuwa ni kutupa uchawi, lakini hadi leo gari likilala siku tatu utasikia limefungwa na mtu. Fundi anayebahatisha ndiye anayelisha maneno hayo, kwa sababu hana cha kumwonyesha mwenye gari.

Kwa hiyo anza kwa kusikiliza. Zungusha ufunguo mpaka mwisho, utulie. Taa za dashibodi zikififia na stata ikagonga-gonga tu, shughulika na betri na vichwa vyake. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12 au chini ya hapo imeishiwa, na baridi ya uwanda huu, karibu mita 1,800 juu ya bahari, huizidishia udhaifu. Taa zikibaki kali na stata ikawa kimya, hakikisha kwanza gia iko P au N, kwa maana gari la otomatiki halipigi stata likiwa D. Hapo ndipo ushuku rilei ya alamu. Na stata ikizunguka vizuri lakini injini haishiki moto, huenda alamu hiyo ilifungwa ikate umeme wa kuwashia au wa pampu ya mafuta.

Tazama pia kile kitaa chekundu cha alamu. Kikiendelea kumetameta wakati swichi imewashwa, mara nyingi alamu bado inalinda gari. Haijaharibika, haijapata amri tu. Badilisha betri ya rimoti, ambayo kwenye nyingi za zamani ni ile fupi ya volti 12. Rimoti ikiwa imepotea, papasa chini ya dashibodi na karibu na boksi la fyuzi utafute kitufe kilichofichwa. Alamu nyingi huzimwa kwa kuwasha swichi na kukibonyeza, ingawa idadi ya mibonyezo hutofautiana.

Sasa rilei yenyewe, na hapa ndipo vijana wengi wanapoumizwa. Igeuze usome namba za miguu yake. Aliyepitisha waya wa stata kwenye 30 na 87a amefunga kwa namna ambayo rilei ikipumzika umeme unapita. Ukichomoa alamu, gari bado litawaka. Aliyetumia 30 na 87 amefanya kinyume: umeme unapita pale tu alamu inapoivuta rilei. Ukichomoa boksi la alamu, umelifunga gari kwa mkono wako. Mwambie mwenzako apige stata, nawe upime pande zote mbili. Umeme ukiingia usitoke, umefika penye ugonjwa.

Nyaya zenye soketi au kifuniko cha njano chini ya usukani usizitie testa kabisa. Ni za mifuko ya hewa, na mfuko ukilipuka usoni mwako hutapata nafasi ya kujutia. Na ufunguo ukiwa na chipu ya kiwandani, huo ni ulinzi mwingine. Kuunga waya wa alamu hakutaugusa.

Ukiamua kuitoa alamu kwa ridhaa ya mwenyewe, fungua kwanza kichwa hasi cha betri. Rudisha ncha mbili za waya wa asili, zilehemu, zifunike vizuri, uzifunge mbali na pedali. Usisokote. Barabara za kuteremka bonde la Ziwa Rukwa hutikisa gari mpaka kila kiungo kilegee, na atakayekwama huko usiku labda amebeba mgonjwa.

Ukimaliza, muite mwenye gari ainame aone ulipogusa. Mpe mkononi rilei uliyoitoa, na umtoze kazi uliyoifanya, si stata ambayo hakuihitaji.