Aliyeachwa Kikosini



Dirisha la usajili likifunguliwa, Morogoro yetu, mjini hadi Mgeta, ni tetesi tu: nani anapandishwa Mtibwa Sugar, mabingwa wa Bara 1999 na 2000, nani katemwa, dogo gani anakwenda Simba. Nazipenda hizo stori. Lakini najiuliza: ni haki kumjadili kijana wa miaka 17 kama gunia la sukari?

Kocha kuchagua si dhambi. Uwanjani wanaingia 11 tu. Hata Mitume, wakijaza nafasi ya Yuda, walikuwa na majina mawili. Kura ikamwangukia Mathia (Mdo 1:23-26). Yosefu Barsaba alikosa nafasi, hakukosa utu.

Shida ni sisi tunaoongeza chumvi: "hana nidhamu", "kadanganya umri". Katekisimu (2477) inatukataza kuhukumu bila msingi na kuharibu jina la mtu. Tetesi ikikanushwa kesho, jina la dogo atalisafisha nani?

Kabla hujasambaza, jiulize: ningeyasema haya mbele ya mama yake? Na yule aliyeachwa, mpigie simu leo. Mwombee pia.