Kichwa Kilichotoka Magotini

Jumamosi ile binti yangu alirudi nyumbani Mangobo amekaa nyuma ya toleka, meshi nyekundu zikimfika kiunoni. Asubuhi alikuwa ametoka na matuta manne ya kawaida ya masomo. Mwenye toleka alilipwa, akageuza baiskeli yake, akaenda. Mimi nikabaki na ufagio mkononi, nikasema neno. Sitaliandika hapa, maana huenda binti yangu akasoma, na pia kwa sababu neno lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la jirani wa ng'ambo ya ua, nami niliwahi kulisema kabla yeye hajafungua mdomo.

Basi nasaha hizi, mzazi mwenzangu, naziandika nikiwa miongoni mwa wakosaji. Kinyozi hajinyoi.

Kabla hujamuuliza mtoto kwa nini amefanya vile, jiulize kinachokuuma ni nini. Mimi nilidhani ni ule wekundu. Ilinichukua wiki mbili kujua kwamba sivyo. Tangu alipoota nywele za kushikika, kila Jumapili baada ya misa tulikaa chini ya mwembe, mimi juu ya kiti, yeye chini kwenye kigoda, kichwa chake katikati ya magoti yangu. Huko magotini ndiko nilikojua kwamba amegombana na rafiki yake, kwamba hesabu zimemshinda, kwamba kuna mvulana wa darasa la juu anayemchekesha. Mtoto uliyemwinamisha kichwa haoni uso wako, kwa hiyo husema. Sasa mambo hayo anayasikia msusi mmoja wa karibu na soko kuu, tena analipwa kuyasikiliza. Uchungu wangu ulikuwa wivu, na nilipouita kwa jina lake ulipungua nusu.

Usimwambie mtoto kwamba mitindo hii ya nywele si ya kwetu. Atakushinda. Kisangani, mji wetu, ilikuwa makao makuu ya Province Orientale mpaka jimbo hilo lilipogawanywa mwaka 2015, na ndani ya jimbo hilo, upande wa Uele, wako Wamangbetu. Wakubwa wao walikuwa wakifunga vichwa vya watoto wachanga kwa kamba ili virefuke kwenda nyuma, kisha wanawake wakajenga nywele juu ya kichwa hicho kwa vijiti mpaka zikatanuka kama taji. Mwanamke wao mmoja, Nobosudru, alipigwa picha na msafara wa magari ya Citroën uliokatiza Afrika mwaka 1924 na 1925, na sura yake ikazunguka Ulaya nzima. Wala usiseme kwamba mwanamume wa zamani hakujua kusuka. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyefika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870, aliwakuta wanaume na wanawake wote wamesimamisha nywele nyuma ya kichwa kama mnara.

Ninachokifikiria zaidi hapo ni zile kamba. Wazazi wale walichagua hata umbo la fuvu, mtoto akiwa hajui kusema hapana. Utawala wa Wabelgiji uliikataza desturi ile, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imefifia. Lakini mkono wa mzazi unaotaka kuamua kichwa cha mtoto kikae vipi haukufifia. Ninao huu hapa.

Fungua pia sanduku la picha zako. Kaka zangu walikuwa watu wa mwimbaji Papa Wemba. Tangu aunde bendi yake ya Viva La Musica mwaka 1977 aliwafundisha vijana kwamba mtu hatoki nje bila kunyolewa vizuri, kuchanwa vizuri na kunukia. Baba yetu, aliyezoea abacost, suti ya enzi za Mobutu, aliwaona kaka zangu kama watu waliorogwa. Nami nilipokuwa na miaka kumi na sita nilipaka défrisant, dawa ya kunyoosha nywele, kwa siri jikoni kwa rafiki yangu. Hatukujua kuhesabu dakika. Mama aliponiona alilia, akasema nimekuwa kama mwanamke wa baa. Alilia jioni nzima juu ya baa, asione kwamba ngozi ya nyuma ya sikio ilikuwa imeungua na inatoa maji. Kovu ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo tenga aibu na madhara, na ukali wako wote uuweke upande wa madhara. Défrisant kali ina magadi yanayochoma ngozi. Isipakwe juu ya kidonda, isikae kupita muda wake, na kichwa cha mtoto wa miaka kumi na minne hakina haja nayo. Misuko iliyokazwa hata mtoto akashindwa kulala hung'oa nywele za kando ya uso, na zikivutwa hivyo miaka mingi hazirudi tena. Kwa mvulana, uliza tondeuse ile ya kunyolea imesafishwa na nini baada ya kichwa cha kwanza, maana choa huhama kichwa hadi kichwa. Wembe uliokwisha kutumiwa na mwingine usiguse shingo ya mwanao, na hapo usikubali mjadala. Kwa mambo haya piga marufuku bila kuomba radhi. Mtoto akijua kwamba ukikataa una sababu, atastahimili hata lile moja au mawili unayokataa kwa kuwa tu hulipendi.

Masomo yana kanuni zake. Shule nyingi hapa zinataka msichana asuke kwa urahisi bila rangi, na mvulana akate nywele fupi, na asiyefuata hurudishwa kutoka langoni na shati lake jeupe. Usiifanye kanuni hiyo kuwa yako, wala usiicheke mbele ya mtoto. Mwambie Ijumaa kwamba Jumatatu iko njiani, mwachie hesabu afanye mwenyewe. Binti yangu alifumua meshi zake Jumapili usiku akinuna, lakini alizifumua.

Kwa wavulana kuna hofu nyingine, na hii siwezi kuipuuza. Kijana aliyepaka nywele rangi ya njano au kuacha kishungi katikati ya kichwa huitwa kuluna, yaani jambazi wa mitaani, kabla hajasalimia. Nimemwona mtoto mpole, mwimbaji wa kwaya, wamama wakishika mikoba yao alipopita. Je, mzazi afanye nini? Aseme hofu kama hofu. “Mwanangu, naogopa usiku wakikuona hivi watakudhania mtu mwingine” ni maneno ambayo kijana anaweza kuyabeba. “Umekuwa mwizi” hayabebeki, na wapo waliochoka kuyabeba wakaamua bora wawe hivyo kweli. Na wewe uliyeshika mkoba, mtoto wa mwenzako akikuamkia, itika. Wahenga walisema akinyolewa mwenzako, zako tia maji. Mwaka kesho wa kwako naye atatafuta kinyozi.

Kuna jambo sitaki kulisikia tena katika parsela yoyote: mzazi kumkata mtoto nywele kwa nguvu, au kumvizia amelala na makasi. Katika jamaa nyingi za kwetu, kichwa kilichonyolewa chote ni cha matanga. Mjane hunyolewa, yatima hunyolewa. Ukimnyoa mwanao mzima, mwenye afya, kwa hasira, umemvika msiba wa nani? Baba mmoja wa avenyu yetu alifanya hivyo. Nywele ziliota tena baada ya miezi michache. Mtoto bado hali sahani moja naye.

“Samaki mkunje angali mbichi,” wataniambia. Kweli, ila wa miaka kumi na mitano amekwisha kaushwa nusu, ukimkunja anavunjika. Mimi nawatazama Wagenya, wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto wetu. Hawamkimbizi samaki. Wanafunga miti yao mikubwa kwenye mawe, wananing'iniza vikapu mahali ambapo maji yenyewe yatapita, wanangoja. Neno la mzazi nalo litangulie mkondo. Ongea juu ya nywele wiki ambayo hakuna nywele mpya kichwani. Patana naye fedha za meshi zitatoka wapi na mara ngapi kwa muhula, kwa kuwa ugomvi mwingi wa nywele ukiuchunguza ni ugomvi wa franka. Akisharudi kutoka saluni, siku hiyo nyamaza, au taja lililompendeza. Hata kama ni sikio tu.

Kiswahili chetu cha Boyoma, yaani Kisangani, kiliteremka na mto pamoja na misafara ya kina Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa maporomoko haya mwaka 1887, na nasaha zake ni za pwani. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipotunga utendi wake wa wosia kwa binti yake mnamo 1858, hakusahau nywele: kuoga, kusuka, kutunga asumini. Lakini angalia alivyoanza. Akiwa mgonjwa, alimwita kwanza mwanawe asogee, alete wino na karatasi, akae karibu. Mimi nilianza nimesimama, na ufagio mkononi.

Nikaja kugundua kwamba msusi wa soko kuu husuka, hafumui. Kufumua ni kazi ya nyumbani, ya saa tatu au nne, na nyuma ya kichwa mtu hajifikii. Jumapili ile ya meshi nyekundu binti yangu alifumua za mbele peke yake, akavuta, akaguna, hatimaye akaja na chanuo na kile kigoda, akakaa bila kuniangalia. Sikusema kitu kuhusu rangi. Nilitenganisha uzi mmoja mmoja, nikaweka kwenye beseni, mdogo wake akazichukua akajivika kichwani na kucheza ndombolo uani. Tulipofika sikio la kushoto aliniuliza kama kweli niliwahi kuungua, akaligusa lile kovu kwa kidole.

Nikamsimulia juu ya kovu lile, na rafiki yangu wa jikoni, na dakika ambazo hatukuzihesabu. Alicheka sana mahali pa mwanamke wa baa. Kisha akaanza kunisimulia yeye.