Uwezo Ulio Kati ya Watu

Asiyeona akishindwa kumwandikia barua anayeona, upungufu uko wapi: machoni mwake, au katika zana walizopewa wote wawili? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema ulemavu hutokana na hali ya mtu kukutana na vikwazo vya mitazamo na mazingira. Jibu hilo ni la haki, ila linaacha swali gumu zaidi: kati ya wawili wanaotaka kushirikiana, nani amfuate mwenzake?

Katika shule ya wasioona aliyoianzisha Valentin Haüy mjini Paris, vitabu vilichapwa kwa herufi za Kilatini zilizoinuliwa juu ya karatasi. Jicho lilizitambua mara moja. Kidole kilizipapasa kwa taabu, na mwanafunzi hakuwa na njia ya kuziandika mwenyewe. Louis Braille, aliyepofuka utotoni, akaanzia kwenye kidole. Kwa nukta nundu zake sita, alizozichapisha mwaka 1829, wasioona waliweza hatimaye kuandikiana, lakini anayeona ambaye hakujifunza nukta hizo akabaki nje.

Braille hakuridhika. Mwaka 1839 alichapisha njia nyingine: nukta zinazofuata umbo la herufi za kawaida, ili jicho na kidole visome mstari uleule. Kazi ilikuwa ya polepole mno, kwa kuwa herufi moja ilidai nukta nyingi, kila moja mahali pake. Pierre Foucault, naye asiyeona, akaunda mashine ya kuiharakisha mwaka 1841. Ubunifu huo unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, kwa sababu haukumtaka yeyote aache njia yake ya kusoma.

Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake cha mwaka 1999, alitetea kwamba kutegemeana ni sehemu ya ubinadamu wenyewe. Kwa hoja hiyo, chombo cha kumwezesha mtu kufanya yote peke yake si lazima kiwe ndicho bora.

Leo watu kadhaa huhariri waraka mmoja kwa pamoja kwenye intaneti. Anayeona hufuata kishale chenye rangi na kujua mwenzake yuko aya gani. Anayesomewa skrini kwa sauti asipotangaziwa, aya humbadilikia bila taarifa. Akitangaziwa kila herufi, hapati nafasi ya kufikiri. Kiasi kinachofaa hakiwezi kupangwa na wanaoona peke yao: hupatikana wote wawili wanapoufanyia kazi waraka huo pamoja, chombo kikiwa bado kinatengenezwa.