Sulhu na Masharti Yake

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha uadilifu na ihsani, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu Waislamu wa Kitale, Bungoma na vitongoji vyake, katika darasa letu tumeulizwa suali ambalo hatukuona vyema libaki kwa wachache waliohudhuria. Katika nchi yetu hii wako watu wanaoifanya kazi ya kupatanisha: wazee wa mitaa, kamati za amani, wachungaji, na baadhi ya masheikh. Hukaa baina ya kabila na kabila, na baina ya jirani na jirani, ili majeraha ya zamani yapate kupona. Je, Muislamu ashiriki nao? Na akishiriki, ni kwa masharti gani?

Jawabu la suali la kwanza ni jepesi. Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 9 na ya 10, tumeamrishwa kuyapatanisha makundi yanayopigana, na amri hiyo imefungwa pamoja na uadilifu. Asije mtu akasema kwamba aya hizo ni za waumini peke yao, kwani katika Sura Al-Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Basi kupatanisha ni ibada, na anayeweza asikae nyuma.

Suali la pili ndilo zito. Wengi wetu tumedhani kwamba sulhu ni kunyamaza. Watu wakiacha kupigana, wakala wali pamoja na kupeana mikono mbele ya wakubwa, twasema: wamesuluhika. Kosa hili tumelifanya sisi wenyewe, na ni haki tulieleze.

Kila mmoja wetu anayajua yaliyotokea Mlima Elgon. Mwaka 1968 watu wa Chepkitale, huko juu mlimani, walihamishwa kwa kuwa nchi yao ilifanywa hifadhi ya wanyama. Katika miaka ya 1970 wakaanza kugawiwa viwanja Chebyuk. Ugawaji ukarudiwa awamu baada ya awamu, na kila awamu ikaacha waliopata na waliokosa, hata mwaka 2006 kundi la Sabaot Land Defence Force likashika silaha. Mwezi Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi. Mashirika ya haki za binadamu yameandika kwamba watu zaidi ya 600 waliuawa na kundi lile, na zaidi ya 300 wakapotea, baadhi yao mikononi mwa wapiganaji na baadhi yao mikononi mwa askari.

Miaka kadha baadaye tuliitwa kwenye baraza la upatanisho upande huo. Akasimama mjane mmoja, ambaye mumewe alichukuliwa usiku na hakurudi. Tukamwambia, “Mama, samehe, Mungu atakulipa.” Akatutazama, akasema, “Sheikh, mimi sijakataa kusamehe. Lakini nimsamehe nani, na kwa lipi? Hakuna aliyesimama hapa akasema ni yeye.” Tulikosa la kumjibu. Baraza likafungwa kwa dua, na dua ile tuliisoma sisi.

Tulipofika nyumbani tukakumbuka kisa ambacho tulikisomesha mara nyingi bila ya kukizingatia. Mwaka wa 8 wa Hijra, baada ya kufunguliwa Makka, Khalid bin Walid alipelekwa kwa Banu Jadhima, akawaua baadhi yao pasipo haki. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliinua mikono yake, akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo cha jemadari wake mwenyewe. Kisha akamtuma Ali bin Abi Talib kwa watu wale pamoja na mali. Ali akalipa diya za roho na thamani ya kila kilichoharibiwa, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Akawauliza kama kimebaki chochote. Waliposema hapana, akawapa mali iliyosalia kwa tahadhari, kwa yale ambayo pengine hayakujulikana. Naye Mtume akamsifu kwa hilo.

Tazameni, ndugu zetu. Kosa lilitajwa wazi, wala halikufichwa kwa sababu aliyelifanya ni wetu na ni shujaa. Hasara ilihesabiwa mpaka kitu kidogo kabisa. Na walioulizwa kama haki imetimia ni wale waliodhulumiwa. Baada ya hayo ndipo pana mahali pa kusamehe. Kusamehe ni haki ya aliyedhulumiwa. Akiitoa kwa hiari yake ni sadaka kubwa, lakini akilazimishwa kwa haya au kwa hofu, huko ni kumdhulumu mara ya pili.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia kwamba sulhu yafaa, isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, imeukaribia mlango huo huo: imeruhusu upatanisho na njia za kimila, ila zisivunje haki za watu. Kwa hiyo wazee wanaompokea ng'ombe mmoja kwa msichana aliyenajisiwa, kisha wakasema yamekwisha, hawana hoja katika dini wala katika sheria.

Liko sharti jingine, nalo ni msuluhishi kuanza na nafsi yake. Abu Dharr (r.a.) alipomtukana mtu kwa ajili ya mama yake, na wanavyuoni wengi wamesema mtu huyo alikuwa Bilal na tusi lilikuwa la weusi, Mtume alimwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Abu Dharr alikuwa katika wa mwanzo kusilimu, na hilo halikumkinga na lawama. Nasi je? Twapenda kukumbusha kwamba baada ya Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 ardhi ya Trans Nzoia waligawiwa walowezi Wazungu, na wenyeji wakawa vibarua juu yake. Hayo ni kweli. Lakini ni kweli vile vile kwamba katika jeshi la Waingereza lililowapiga Wabukusu mwaka 1895 walikuwamo askari wa Kisudani, Waislamu. Na kwamba misafara ya watumwa iliyoshuka pwani ilikuwa na watu wa dini yetu. Anayetaka wengine waseme kweli, naye aseme yake.

Wala tusione haya kujifunza kwa wengine. Marafiki, yaani Quakers, ambao ni wengi katika magharibi ya Kenya, wameendesha vikao vya siku tatu ambavyo asili yake ni Rwanda na Burundi. Hukaa watu ishirini, kumi wa upande huu na kumi wa upande ule, na kila mmoja hupewa nafasi ya kueleza alichopoteza kabla ya neno la msamaha kutajwa. Na katika Waislamu wenzetu, bibi Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, Mungu amrehemu, yeye na wanawake wenzake walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati koo zao zilipokuwa zikiuana, na kazi yao wakaianzia sokoni. Alifariki mwaka 2011. Wanaosema kwamba mwanamke hana nafasi katika baraza la sulhu waitazame Wajir.

Mwezi Machi 2015 Rais aliomba radhi Bungeni kwa dhulma za serikali zilizopita na za wakati wake, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafaa waliodhulumiwa. Radhi ile ilikuwa jambo jema, lakini miaka mingi ikapita na wahusika wakingojea. Hatuna mamlaka juu ya mfuko wa serikali. Tunayo juu ya mabaraza yetu.

Kwa hiyo tumeazimia haya katika darasa letu, na twawaomba wenzetu wa misikiti mingine wayapime. Hatutasoma dua ya kufunga baraza ambalo aliyedhulumiwa hakusikilizwa. Hatutamwambia mtu asamehe kabla hajaulizwa anachotaka. Hatutapokea ujira kwa upande wowote. Na yule mjane tutamrudia, tusimame mbele yake tumtake radhi kwa neno letu la siku ile, kisha tuandike jina la mumewe na tumsaidie kuulizia alipo, hata kama jawabu litachelewa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kusema haki, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu. Amin.