JE, WIMBO UNAOUPIGA NI WA NANI?

Mpendwa msomaji, wewe kijana wa Mapera, wa Mbinga mjini, wa Mbamba Bay kule ziwani, unayeshika gitaa jioni ukitoka kwenye kahawa, simama kidogo! Nina swali moja kwako. Huo wimbo unaojifunza ni wa nani?

Tuchukue "Malaika". Wengi wanaoanza gitaa kavu wanapitia hapo, na sababu iko wazi. Kodi tatu zinatosha: G, C na D. Mwendo wake ni wa pole, vidole vinapata nafasi ya kuhama. Dole gumba linapiga nyuzi nene, vidole vingine vinajibu kwenye nyuzi nyembamba. Mwanzoni ncha za vidole zitauma, nyuzi zitakwaruza, na nyumbani watakuambia kapigie nje! Usikate tamaa. Hama kutoka G kwenda C polepole, mara mia, bila kuimba. Siku moja utashangaa mkono unakwenda wenyewe.

Lakini ngoja! Wimbo huo una kesi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na bendi yake ya Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake likajulikana. Adam Salim, Mtanzania, alidai ameutunga yeye mwaka 1945 akiwa Nairobi. Na waliodai si hao wawili tu. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa kwenye santuri yao. Mwaka 1981 Boney M nao wakautoa kule Ulaya. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haukuzikwa naye. Fikiri! Wimbo wa kijana anayelia kwamba hana mali ya kuoa umezunguka dunia, na watu bado wanagombea nani aliulia kwanza.

Utaniuliza, "Mtumishi, kumbe nikiupiga naiba?" Hapana, ndugu yangu. Tazama ngolo zetu huku Umatengo. Nani alikufundisha kulaza majani mraba mraba, kufukia udongo juu yake na kuacha shimo katikati lizuie maji ya mlimani? Uliangalia wazee, ukaiga. Hakuna aliyekushtaki, maana ujuzi ukiigwa haupungui. Lakini ukiingia usiku kwenye ngolo ya jirani ukavuna maharage yake, huo ni wizi! Kuiga kilimo ni jambo moja, kuvuna shamba la mtu ni jambo lingine.

Na wimbo ni hivyo hivyo. Kujifunza vidole vya mwenzako ni kuiga ngolo. Kusimama mbele za watu na kusema "huu nimetunga mimi" ni kuvuna usiku. Tena hata sisi wa kwaya tusijifiche! Mtu anachukua sauti ya wimbo wa dansi, anabadilisha maneno, halafu kwenye kaseti anaandika "mtunzi" na jina lake. Eti kwa sababu maneno sasa ni matakatifu! Amri ya nane inakataza wizi, na ya tisa inakataza ushuhuda wa uongo. Hapo umevunja zote mbili kwa wimbo mmoja.

Wengine husema, "Mwenyewe hajapoteza kitu, wimbo bado anao." Siyo kweli. Amepoteza jina, na mara nyingi mtunzi maskini hana urithi mwingine. Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa, na kazi yake inalindwa miaka 50 baada ya kufa kwake.

"Sasa kama mwenyewe hajulikani?" Sema unachokijua, usiongeze. Sema, "Huu aliurekodi Fadhili William, na Adam Salim alidai ni wake." Umetumia pumzi moja tu, na hujamdhulumu mtu.

Basi, msomaji, cheza! Jifunze vizuri, vidole viote sugu. Lakini jioni ya leo, kabla hujapiga uzi wa kwanza mbele za watu, taja jina la aliyekutangulia. Makofi utapigiwa wewe. Jina mwachie mwenyewe. Amua leo!