Kidole Cheusi Mbele ya Taa Nyekundu

Anayefikishwa wodini akihema kwa shida hubanwa kidole na kifaa kidogo mfano wa kibanio cha nguo. Taa nyekundu huwaka, na punde namba hutokea: 97, 94, 88. Ndugu waliosimama kando ya kitanda huacha kumtazama mgonjwa wao, macho yote yakahamia kwenye namba.

Kihisi hicho kina asili yenye kufikirisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alikuwa akipima kazi ya moyo kwa mwanga, na mapigo ya mshipa yakawa yanamvurugia vipimo. Katika kuhangaika kuyaondoa akatambua kuwa usumbufu ule ule ungeweza kumwambia kiasi cha oksijeni kilichomo kwenye damu, pasipo sindano. Alikuwa na subira ya kukisikiliza kinachokera, na wenye subira hiyo si wengi.

Ila mwanga hupita ngozini kabla ya kuifikia damu, na weusi wa ngozi nao hunyonya mwanga. Tangu mwaka 1990 watafiti nchini Marekani walishaandika kwamba kipimo hiki hukosea zaidi kwa wagonjwa weusi. Mwaka 2020, korona ikiwa imepamba moto, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaonyesha kuwa upungufu wa oksijeni uliojificha nyuma ya namba nzuri uliwapata wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya weupe. Miaka 30 ilikuwa imepita, na vifaa vikiendelea kuuzwa.

Siamini kwamba kuna fundi aliyekaa akanuia kudhulumu. Kilichotokea ni kidogo kuliko kunuia huko, na pengine ndiyo sababu kilidumu: hakuna aliyetazama chumba cha majaribio akauliza nani hayumo. Hata mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 kuhusu kujaribu vifaa hivi uliridhika na watu 2 wenye ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya wanaojaribiwa.

Sasa vihisi vya namna hiyo vimehamia kwenye saa za mkononi, na kesho vitakuwa kwingine tusikokudhania. Muuguzi mzoefu bado humfunua mgonjwa mdomo akatazama rangi ya ulimi, akahesabu pumzi zake, ndipo akaisoma namba. Je, wanaomfuata watafundishwa hivyo? Na sisi tunaoagiza vifaa hivi kwa maboksi, ni nani humuuliza muuzaji vilijaribiwa kwenye vidole vya nani?